Ramani Inayochagua

Somo la leo ni historia ya ramani za namna moja: ramani zisizoonyesha kila kitu. Mwalimu na ashike chaki, na kila mmoja awe na kalamu na karatasi.

Tuanze hapa Ikombe. Mbele yetu pana Ziwa Nyasa, nyuma yetu pana Milima ya Livingstone. Mama zetu wa Kikisi hufinyanga vyungu, na vyungu husafiri kwa mtumbwi kwenda soko la Lyulilo, karibu na Matema. Tuseme amekuja mgeni anayetaka kununua vyungu, naye akuomba umchoree ramani. Utachora nini? Utachora ufuko, mahali pa kupanda mtumbwi, nyumba za wafinyanzi, na soko. Hutachora kila mwembe. Kesho yake aja bwana afya, ataka kujua watu wateka maji wapi. Huyo utamchorea ramani nyingine, ya mito na visima. Kijiji ni kile kile, bali ramani ni mbili, kwa kuwa shida ni mbili. Kuchagua huku ndiko tunakokuita kuchuja.

Sasa tuuache ufuko wetu kidogo, twende London, Uingereza, mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, na kwa majuma machache watu zaidi ya 600 wakafa. Wakati ule waganga wengi walidhani ugonjwa huo waletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow hakukubali. Yeye alisema waletwa na maji. Akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza. Aliyoyapata yaliwafanya wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ya maji ya Broad Street, tarehe 8 Septemba.

Baadaye Snow alichora ramani ili wengine nao waone. Hakuonyesha makanisa wala maduka yote ya mtaa. Juu ya ramani ya njia aliweka mambo mawili: vifo, kila kimoja kwa kistari cheusi, na pampu za maji. Mara vistari vikaonekana vimejazana kuizunguka pampu ile moja.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Mama mmoja mjane alikufa kwa ugonjwa huo huo huko Hampstead, mbali na Soho, nje kabisa ya ramani. Snow aliuliza, akaambiwa kwamba mama yule aliyapenda maji ya Broad Street, akawa akiletewa kila siku. Basi ushahidi mkubwa kuliko mwingi ulikuwa wa mtu asiyekuwamo katika ramani! Kama Snow angaliitazama karatasi tu, asingaliupata.

Ramani ya pili ilitoka katika mji huo huo. Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, alichora ramani ya treni za chini ya ardhi. Alinyosha njia zilizopinda, akaacha mitaa, akabakiza vituo, njia, na mto Thames. Ilipochapwa kwa watu wote mwaka 1933, wasafiri waliipenda. Maana msafiri wa treni hataki kujua njia yapinda wapi. Ataka kujua ashuke wapi na abadili treni wapi.

Ramani za mitambo ya mawasiliano zafanana na mchoro huo wa Beck. Hapa Tanzania ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009. Nyuzi zake nyembamba za kioo hupitisha habari kwa mwanga, nazo zafika hata mpaka wa Malawi, upande wa Kasumulu, wilayani Kyela. Katika safari ya habari zimo minara, nyaya na mitambo mingi, na kila mtambo una anwani yake ya namba.

Je, fundi ajuaje kama mtambo wa mbali u hai? Auuliza. Mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo iitwayo ping: kompyuta yabisha hodi, na mtambo ulio hai waitikia. Siku hizi programu za ulinzi hubisha hodi zenyewe kila baada ya muda mfupi. Mtambo ukijibu, alama yake katika ramani yaweza kuwa ya kijani, ukinyamaza, nyekundu.

Lakini fundi akitazama mitambo elfu kwa pamoja, ataona utitiri wa alama. Kwa hiyo kila mtambo hupewa lebo: upo wapi, ni wa namna gani, ni wa nani. Kisha fundi huiamuru programu: "Nionyeshe minara ya Kyela tu." Au: "Nionyeshe iliyonyamaza tu." Mtambo mpya ukiwekwa na kupewa lebo sawasawa, waingia katika ramani wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikasumbua sana nchini. Siku kama hiyo, kuona upesi kilichokatika na kilichobaki ni jambo kubwa.

Sasa hatari yake. Tuseme karani alipoandika lebo ya mnara wa ufukoni alikosea, badala ya "Kyela" akaandika "Kiela". Fundi aita minara ya Kyela. Mnara ule haumo. Ukizimika, hakuna alama nyekundu. Ramani nzima ni ya kijani, fundi anywa chai yake kwa raha, na huku ufukoni mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kumpigia simu mwenye mashua.

Wewe wajua kupepeta mchele kwa ungo. Makapi yakiruka, hayana kazi tena. Ramani si ungo: kilichoachwa nje yake si makapi. Kwa hiyo ukionyeshwa ramani yo yote, uliza mambo matatu: nani amechagua, kwa shida gani, na nini kimeachwa. Na ukiona kwenu pameachwa, sema.

Maswali ya darasani:
1. Snow alionyesha mambo gani mawili katika ramani yake?
2. Kwa nini mnara wenye lebo mbaya ni hatari kuliko mnara wenye alama nyekundu?
3. Chora ramani mbili za kijiji chako: moja ya mgeni, moja ya bwana afya. Kisha mweleze jirani yako ulichoacha.