Mbusa: jina la mtoto wa kiume wa sita

Mbusa ni jina la Wanande wa Kivu ya Kaskazini, huko Beni, Butembo na Lubero. Upande wa Uganda, Wakonzo wa Kasese, ndugu zao wa milima ya Rwenzori, wanalo vilevile. Hupewa mtoto wa kiume wa sita, baada ya Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo. Ndiyo sababu akina Kambale ni wengi na akina Mbusa ni wachache: si kila nyumba inafikisha wavulana sita.

Basi, Mbusa si jina la ukoo. Baba Kambale anaweza kumzaa Mbusa, na Mbusa wawili wasiwe na udugu wowote. Anayemtafuta jamaa kati ya waliokimbia vita aulize pia majina yake mengine na ya wazazi wake.