Picha za Kale Katika Mizani ya Khabari

  

Imekuwa ada siku hizi, katika darsa na mabarazani, mtu akitaka kuufunga mjadala wa tarehe hutoa picha ya zamani akasema: "Haya, ushahidi huu hapa." Hatukusudii kurudia hitilafu ya wanazuoni juu ya hukumu ya picha yenyewe. Itoshe kukumbusha kuwa Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli na si kuunda mfano wa kiumbe. Na wapo waliomkhalifu. Swali letu ni jingine: picha ya kale ni shahidi wa namna gani? Jawabu letu ni kwamba ni khabari kama khabari nyingine, na aya ya 6 ya Surat al-Hujurat imetufundisha kupeleleza kabla ya kuhukumu.

Tuanze na udhaifu wa chombo. Kamera ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, mtu aliyepigwa picha alitakiwa atulie muda mrefu, pengine dakika nzima na zaidi. Mwaka 1851 ikaja njia ya kioo kilichopakwa dawa mbichi. Mpigaji alikipaka, akapiga, akakisafisha kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo alibeba hema la giza, masanduku ya vioo na chupa za dawa. Chombo cha namna hiyo kilishika majengo, magofu na watu waliopangwa. Kilichokwenda mbio kiliacha ukungu, au hakikuacha kitu.

Mfano wa karibu nasi ni nchi ya Ukonongo, ambayo leo sehemu yake imo katika mkoa wetu wa Katavi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiikwepa vita ya Mirambo huko Tabora, alishika njia ya kusini akapita Ukonongo kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Waliporudi pamoja walipita tena huku, wakafika Tabora Februari 1872. Mkutano wao wa Ujiji haukupigwa picha. Taswira yake mashuhuri ni mchoro uliochongwa baadaye, kwani magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja. Ama ile picha ya Stanley akiwa na mavazi ya safari, pamoja na kijana Kalulu, ilipigwa studio, London, mwaka 1872. Atakayeiona asiulize atadhani ni ya porini. Na wapagazi waliobeba mizigo ile hadi ziwani, nyuso zao ziko wapi?

La pili ni sanad. Mwaka 1885 Mholanzi Snouck Hurgronje alikaa Makka, kisha akafukuzwa. Baada yake tabibu wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, aliendelea kupiga picha za Haram na mahujaji na kumpelekea. Zilipochapishwa Leiden mwaka 1889, saini ya Kiarabu ya tabibu yule iliondolewa, na kwa miaka mingi sifa ikawa ya Mholanzi. Wanafunzi wa hadithi wanajua jina la kumficha uliyepokea kwake: ni tadlisi. Picha yenyewe haikusema uongo, lakini sanad yake ilikatwa.

La tatu ni mahali na wakati wa shahidi. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia ikulu. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika chache, manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga, na kabla ya saa nne yote yalikuwa yamekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wakati huo vioo vikavu vilikuwa vimekwishapatikana, na mjini Unguja zilikuwepo studio, kama ya Gomes na ya Coutinho. Hata hivyo, picha zinazojulikana zaidi za tukio lile ni za baadaye: kuta zilizobomoka, mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib uliotobolewa, mabaharia waliosimama kando ya mzinga. Anayezitazama huona jengo lililovunjika, asione janaza hata moja. Akihukumu kwa picha peke yake, atasema vita ile iliua mawe.

Huenda mtu akauliza: basi tuzitupe? La. Mnara ule ulibomolewa baadaye, na picha ndizo zinazotuonyesha umbo lake. Tunachokataa ni kuufanya ukimya wa picha kuwa kanusho. Imetangaa katika fiqhi ya Imam Shafii (Allah amrehemu) kwamba asiyesema hanasibishiwi kauli. Picha isiyoonyesha maiti haikusema hawakuwepo, na wapagazi wa Kikonongo kukosa picha si hoja kwamba hawakuwa na sehemu katika safari zile, wala katika kuufikisha Uislamu bara.

Kwa hiyo, ndugu maimamu na wanafunzi, kila picha ya kale iulizwe: nani kaipiga, lini, kwa amri ya nani, alisimama wapi, na nini kimebaki nje ya ukingo wake? Kisha zirudiwe khabari za wazee. Hapa Misunkumilo na Mpanda nzima wapo waliosikia habari za babu zao, na kila mwezi tunawazika. Yaandikwe waliyoyasikia: jina la msimulizi, aliyempokea, na tarehe ya kusimulia. Na picha zilizomo majumbani ziandikwe nyuma majina ya waliomo, kabla hajafa wa mwisho anayewatambua. Hiyo ni amana, na mwenye amana ataulizwa.