Kamera Moja au Kamera Tatu? Ishu Ilianza na Wanandoa Waliogoma Kuhamia New York

Ukitoka kuangalia Friends ukaingia The Office, unahisi kabisa kuna kitu kimebadilika. Kwenye Friends kochi ni lile lile, wote wanatazama upande mmoja, na kila utani unafuatwa na kicheko cha watu. Kwenye The Office kamera inatikisika, inamfuata mtu mpaka kwenye korido, na hakuna anayekuchekea. Hiyo ndiyo tofauti ya kamera nyingi na kamera moja.

Kamera moja ni njia ya sinema. Mnapiga shoti ya huyu, mnasimama, mnahamisha taa, halafu mwigizaji anarudia maneno yale yale ili apigwe mwenzake. Maongezi ya dakika mbili yanaweza kula masaa. Kamera nyingi ni kama jukwaani: tukio linachezwa mwanzo mwisho, kamera moja inachukua wote, zingine zinakaba sura. Mhariri ndiye anachagua.

Sasa turudi Marekani mwaka 1951. Komedi nyingi za TV zilirushwa live kutoka New York, kwa sababu watazamaji wengi walikuwa upande wa mashariki. Watu wa magharibi waliletewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya TV. Kiukweli picha ilikuwa mbovu, kama unaangalia kwenye ukungu.

Kituo cha CBS kilimtaka Lucille Ball, staa wa redio, aanze komedi ya TV. Yeye akaweka sharti: mume wake wa kwenye shoo awe mume wake wa kweli, Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Cuba. Mabosi walisita, wakidhani watazamaji hawatamkubali Mcuba. Wakakubali, ila wao na mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, wakataka shoo ifanyike New York. Wanandoa wakagoma. Nyumbani ni California, na mtoto alikuwa njiani.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wakitumia kamera moja, picha itakuwa safi, lakini Ball alikuwa anachekesha zaidi akiwa mbele ya watu, na hakuna mtu anayecheka utani ule ule kwa mara ya saba. Jibu likawa kamera tatu za filamu ya 35mm kwa mpigo, mbele ya watazamaji wapatao 300. Wengine walishajaribu kitu kama hicho, ila ni shoo hii, I Love Lucy, iliyokifanya kuwa mtindo.

Taa zikawa mtihani. Kwenye sinema unapanga mwanga upya kila shoti. Hapa kamera tatu zinapiga kwa wakati mmoja. Aliyeitwa ni Karl Freund, mpiga picha wa Metropolis na mshindi wa Oscar. Akapandisha taa juu, mwanga ukaenea sawa kila kona. Chini, wasukuma kamera ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka walipishana kimyakimya bila kugongana. Kwenye kuhariri, mashine iliyoonyesha mikanda mitatu kwa pamoja ikabatizwa jina la zimwi la vichwa vitatu.

Filamu ni ghali, kwa hiyo wanandoa walikubali kupunguziwa malipo. Badala yake wakaomba mikanda iwe mali ya kampuni yao, Desilu. Mabosi hawakuona hasara: shoo ikisharushwa, nani ataiangalia tena?

Ilianza tarehe 15 Oktoba 1951 na ikafika vipindi 180. Shoo nyingi za live za miaka ile zimepotea. Hii ilibaki safi kama sinema, ikauzwa na kurudiwa nchi kibao. Mwaka 1957 Desilu ilinunua studio za RKO, pale pale wawili hao walipokutana mwaka 1940 wakiwa waajiriwa tu. Ndoa ilivunjika 1960. Miaka miwili baadaye Ball akanunua sehemu ya Arnaz na kubaki bosi. Desilu hiyo hiyo ndiyo iliyoanza kutengeneza Star Trek.

Kamera moja nayo haikufa. M*A*S*H ya 1972 iliitumia, ila CBS ikalazimisha kicheko cha kurekodi. Watengenezaji walifanikiwa kukizuia kwenye chumba cha upasuaji. The Office ikakitupa kabisa.

Kwa hiyo kamera tatu zilitokana na mama mjamzito asiyetaka kuhama na mume asiyetaka kuachwa nje. Na kilichowatajirisha ni kumiliki kazi yao, siyo idadi ya kamera. Wewe unayerekodi kwa simu moja na unayerekodi kwa kamera nne, swali ni lile lile: mkishamaliza, mkanda ni wa nani?