Kimo cha Umeme: Wazo la Potensheli katika Nchi ya Radi

Kiswahili kilifika Kasongo na maneno yake ya mawinguni kabla ya shule yoyote ya fizikia. Tippu Tip alipoufanya mji huo makao yake katika miaka ya 1870, misafara ilikuja na lugha ambayo wakoloni waliiita baadaye Kingwana. Ndani yake mlikuwamo radi, neno la Kiarabu ambalo kwa asili ni ngurumo, likaishi jirani na umeme, neno la Kibantu. Umeme kwa wazee ulikuwa mmweko tu. Sasa ni pia kile kinachopita katika nyaya. (Wakenya walichagua njia nyingine: stima, neno lililozaliwa na mvuke.)

Maniema ina haki ya pekee ya kulijali jambo hili. Vipimo vya satelaiti vya miaka 1998 hadi 2013, vilivyochapishwa mwaka 2016, viliiweka Kampene, kaskazini ya Kasongo, katika nafasi ya pili barani Afrika baada ya Kabare: mimweko kama 177 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka.

Hata hivyo mwanafunzi wa Kasongo au Kabambare hufundishwa fizikia kwa Kifaransa, ambamo potensheli na nishati ya potensheli hufanana kwa sauti, naye huzichanganya. Tuazime mfano wa Lualaba kwenye Milango ya Jehanamu, karibu na Kongolo. Kimo cha mahali ni kilekile, yapite maji mengi au kidogo; nishati ya maji yanayoporomoka hutegemea kimo pamoja na wingi wa maji. Potensheli ni kimo. Nishati ni kimo mara chaji.

Chaji zikiwa nyingi, nishati si mali ya mojawapo bali ya mkao wa zote. Tuzikusanye moja moja kutoka mbali sana. Ya kwanza haipingwi na kitu. Ya pili yasukumwa na ya kwanza. Ya tatu na hizo mbili. Kazi yote tuliyoifanya ndiyo nishati ya mkusanyiko. Lakini tukichukua kila chaji na kuizidisha kwa potensheli inayoletwa na nyingine zote, kila jozi tumeihesabu mara mbili. Ndiyo asili ya ile nusu katika kanuni, ambayo wanafunzi huikariri bila kuuliza imetoka wapi.

Poisson wa Ufaransa aliitumia hesabu hii kwa umeme mapema katika karne ya 19. Aliyeipa jina ni George Green, msaga nafaka wa Nottingham, aliyesoma shule kwa takriban mwaka mmoja tu. Insha yake ya 1828 ilinunuliwa na watu wapatao 50, akafariki mwaka 1841 bila kusifiwa. William Thomson aliipata mwaka 1845, ndipo Ulaya ikaijua.

Jambo hili si la darasani tu. Oktoba 1998 iliripotiwa kwamba radi iliwaua wachezaji 11 wa timu moja ya kandanda huko Kasai, ilhali wapinzani wao walisalimika. Ikanong'onwa uchawi. Vita vilikuwa vikiendelea, na habari haikuthibitishwa. Lakini haihitaji mchawi ili iwezekane. Radi ikipiga ardhi, potensheli ya udongo hushuka kadiri unavyojitenga na pale ilipopiga. Mtu aliyetanua miguu ana mguu mmoja juu na mwingine chini ya mteremko huo, na mkondo humpitia. Aliyeibana pamoja yuko katika hatari ndogo zaidi. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, hufa upesi zaidi kuliko mchungaji wake.

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa maoni yangu, potensheli na ibaki katika vitabu, ila mwalimu wa Kabambare aanze na kimo cha umeme. Mzazi anayemshtaki jirani yake kwa kutuma radi ataielewa tofauti ya vimo kati ya nyayo mbili jioni hiyohiyo, kwa lugha ileile anayotumia kumshtakia.