Maana ya 'Sorry' na Mbona Wakenya Huisema Bila Kosa

Msee akijikwaa hapo Tom Mboya Street, wewe uko mita tatu kando utaskika ukisema "woiye, sorry". Na hujamgusa! Mzungu akiskia hivyo hushangaa: kwani ni wewe umemwangusha?

Sasa cheki. 'Sorry' ni kivumishi cha Kiingereza cha kale, 'sarig', yaani mwenye uchungu. Mzizi wake ni 'sar', maumivu ama kidonda, ule ule uliozaa 'sore'. Wengi hudhani 'sorry' na 'sorrow' ni ndugu. Zii, hiyo ingine ina mzizi wake kivyake, zimefanana sura tu. Mambo ya kuomba msamaha yalikuja baadaye sana.

Kwa hivyo sisi tukiitumia kama "pole" hatujakosea, tuko karibu na maana ya kwanza kuliko hao wanaotucheka. Ngori ni pale umekosea mtu kabisa. Juzi konda alinipea chenji ikiwa imepungua soo moja, kumuuliza akasema tu "sorry buda" na akapanda mlangoni. Alikuwa ananiomba msamaha ama ananihurumia? Soo yangu hadi leo sijaiona.