Bonde la Kagera na Kauli ya Kijiji

Penye maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, mto Kagera huitenga Tanzania na Rwanda. Hapo Rusumo, Agosti 1977, nchi hizo mbili pamoja na Burundi zilitia saini mkataba wa kuliendeleza bonde la mto huo kwa ushirika. Uganda ikajiunga mwaka 1981.

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walilivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita, wakapiga kambi Benaco. Miti ya Ngara ikageuka kuni na nguzo za vibanda; wanyama wa mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo wakageuka kitoweo. Desemba 1996 wengi walirejeshwa kwao. Visiki vikabaki na wenyeji.

Shirika la bonde lilivunjwa mwaka 2004. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikwisha kuupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya ardhi yake. Ujirani wa kudumu hauna budi kuanzia hapo: serikali hutia saini, ila mwanakijiji ndiye ajuaye kisima ki wapi, malisho yakomea wapi, na mgeni ajapo usiku alazwe wapi.