Valvu, Transfoma na Usikikaji wa Redio katika Mpaka wa Tunduma

Historia ya redio nchini Tanzania huandikwa kwa kufuata taasisi, kuanzia Sauti ya Dar es Salaam ya mwaka 1951 hadi Redio Tanzania ya mwaka 1965. Tunduma, iliyo leo mkoani Songwe, inadai mtazamo mwingine. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, redio ya valvu na betri kavu iitwayo Saucepan Special iliuzwa tangu mwaka 1949 kwa pauni 5, na mawimbi ya Lusaka hayakukomea mpakani. Mahali penye sauti mbili, ubora wa sauti una uzito.

Ubora huo huanzia studioni. Maikrofoni ya sumaku hutoa takriban milivolti 1 tu, ilhali valvu ina mchakacho wake yenyewe. Transfoma huinua volti kabla hazijafika kwenye valvu. Kikuza sauti cha awali kisicho na transfoma huepuka gharama na mvumo unaonaswa na koili zake, lakini huhitaji valvu tulivu mno. Kasoro ikiingia hapo, hatua zote zifuatazo huikuza pamoja na neno.

Kwa hiyo, mchakacho wa kanda za kale ni ushahidi wa vifaa vilivyoibeba sauti. Mhifadhi anayeufuta kabla haujachunguzwa hufuta sehemu ya historia.